Zege Ndani ya Bomba

Nyuma ya chuo cha ualimu nilichokiongoza kulikuwa na korongo, na ng'ambo yake ilikuwapo shule ya msingi ya mazoezi. Kila asubuhi wanachuo walivuka kwenda kufundisha, na jioni watoto walivuka kuja kuchota maji kwetu. Mwaka 1987 tuliamua kujenga daraja la miguu. Tulipata mabomba mawili marefu ya chuma ya kulazwa kutoka ukingo hadi ukingo, na mbao za kufunga juu yake.

Fundi wetu alikuwa mzee aliyejifunza kazi kwa kutazama na kushika. Siku moja alinijia ofisini.

"Mwalimu," alisema, "naomba mifuko miwili ya saruji. Tuyajaze zege mabomba haya kabla ya kuyalaza."

"Ya nini, mzee wangu?"

"Kutu itayala kwa ndani, nasi hatutaiona."

Kabla ya kupewa ukuu wa chuo nilikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia. Nilisimama ubaoni nikamchorea. Kitu kinapopinda kwa uzito, nilimwambia, upande wake wa juu husukumwa na upande wa chini huvutwa. Zege hustahimili sana kusukumwa, lakini likivutwa hupasuka upesi. Basi zege ndani ya bomba lililolazwa litapasuka chini, na litatuongezea mzigo tu. Tena saruji ilikuwa adimu miaka ile. Mzee aliutazama mchoro, akasema, "Sawa, Mwalimu," akaenda zake.

Miaka minne baadaye, siku ya kufunga shule, watoto walijazana darajani wakiimba na kurukaruka. Bomba moja lilibonyea katikati, upande wa juu, likakunjika, na mbao zikaporomoka. Ashukuriwe Mungu, korongo lilikuwa kavu. Hata hivyo mtoto wa darasa la tatu alivunjika kiwiko, na mkono ule haukunyooka tena sawasawa. Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Mzee hakunikumbusha neno lolote la ofisini.

Nilipolikagua bomba nilishangaa. Upande wa chini, ambao kwa mchoro wangu ndio ungechanika, ulikuwa mzima. Nilikaa na fumbo hilo miaka mingi, hadi nilipostaafu na kupata nafasi ya kusoma historia ya wahandisi. Hapo nikagundua kwamba kosa langu lilikuwa na umri wa karibu miaka mia na hamsini.

Mwaka 1845 mhandisi Robert Stephenson wa Uingereza alikuwa na korongo kubwa kuliko langu, yaani mlango wa bahari wa Menai, kati ya Wales na kisiwa cha Anglesey. Treni ilitakiwa kupita juu, na meli zenye milingoti mirefu zipite chini. Akawaza kutengeneza bomba kubwa la chuma, treni ipite ndani yake. Hakuitegemea hesabu peke yake. Alimwomba William Fairbairn, mhandisi mwenye karakana ya meli, atengeneze mabomba ya majaribio na kuyapakia uzito mpaka yavunjike. Fairbairn alijaribu ya mviringo, ya umbo la yai na ya pembe nne. Mara kwa mara aliona upande wa juu ukijikunja kabla chuma cha chini hakijachanika. Chuma chenyewe kilikuwa bado kina nguvu. Kilichoshindwa ni umbo la bomba. Dawa yao ilikuwa kuujenga upande wa juu kwa vyumba vidogovidogo vya chuma vilivyoshikana. Daraja hilo, Britannia, lilifunguliwa mwaka 1850, na sehemu zake mbili kubwa zilivuka mita 140 kila moja. Lilitumika mpaka moto ulipoliharibu mwaka 1970.

Mwaka 1927 mtaalamu aitwaye Brazier alieleza kwa hesabu yanayolipata bomba jembamba la mviringo. Likipindwa, hubonyea kidogo kidogo likaelekea kuwa bapa. Kadiri linavyokuwa bapa ndivyo linavyopoteza nguvu, mwisho likakunjika ghafla. Msomaji anaweza kuliona jambo hili bila maabara. Achukue kikonyo cha jani la mpapai, kile ambacho watoto hukifanya filimbi, akipinde polepole. Mchoro wangu ubaoni ulikuwa sahihi kwa bomba lisilobadilika umbo. Bomba tupu hubadilika.

Na zege je? Historia yake inafanana ajabu na maneno ya mzee wangu. Mwaka 1879 lilifunguliwa daraja la reli juu ya mto Severn, Uingereza, ambalo nguzo zake zilikuwa silinda za chuma zilizojazwa zege. Sababu inayotajwa na wanaoandika habari zake ni kuzuia kutu kwa ndani. Mwaka 1898 John Lally wa Marekani alipata hataza ya nguzo ya bomba lililojazwa zege, na mpaka leo nguzo za aina hiyo huko kwao huitwa kwa jina lake. Mwaka 1928 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Richart, Brandtzaeg na Brown, walionyesha kwamba zege linalobanwa pande zote huzidi kuwa imara: kwa kila kipimo kimoja cha kubanwa ubavuni, nguvu ya kustahimili uzito wa juu huongezeka kwa vipimo vinne hivi. Bomba la chuma hulibana zege namna hiyohiyo.

Lakini hizo ni habari za nguzo iliyosimama. Bomba lililolazwa likapinda lina hesabu nyingine, na hapa lazima nijitendee haki kidogo. Zege la upande wa chini hupasuka kweli, kama nilivyomwambia mzee. Lile la juu husaidia kusukumana na uzito, ila kwa bomba lenye ukuta mnene nyongeza hiyo ya nguvu si kubwa sana. Faida kubwa iko kwingine: zege huukataza ukuta wa bomba usibonyee kwenda ndani. Bomba lililojazwa hupinda, huendelea kupinda, nalo bado linabeba. Linampa mtu nafasi ya kuona na kukimbia. Bomba tupu jembamba halitoi nafasi hiyo.

Jambo la kunifedhehesha ni kwamba nilikwisha kuliona kwa macho yangu. Mafundi bomba wetu, wakitaka kulikunja bomba bila kulibonyeza, hulijaza mchanga kwanza. Nililiona hilo tangu utoto, na nilipokuwa ubaoni halikunijia akilini.

Nisiseme kwamba zege ni dawa ya kila kitu. Usiku wa tarehe 25 Oktoba 1960, katika ukungu, mashua mbili za mizigo ziliigonga nguzo moja ya daraja lile la Severn. Sehemu mbili za daraja zilianguka, na mabaharia watano wakafa. Hata hivyo ufundi wenyewe umeendelea. Wachina walijenga daraja lao la kwanza la tao la mabomba yaliyojazwa zege mwaka 1990, huko Wangcang, lenye upana wa mita 115 kati ya nguzo na nguzo. Mwaka 2020 walifungua lile la Pingnan, la mita 575. Wao husimamisha kwanza mabomba matupu, kwa kuwa ni mepesi, kisha husukuma zege ndani kwa pampu kutoka chini.

Daraja letu tulilijenga upya mwaka 1991 huohuo. Safari hii saruji niliitoa kabla ya kuombwa. Mzee aliyajaza mabomba taratibu, akiyagongagonga kwa nyundo ili hewa itoke, akasikiliza mlio ukibadilika kutoka mwangwi hadi kishindo kizito. Hatukuzungumza habari ya mchoro wangu. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini mguu uliovimba haukuwa wangu. Uliovunjika ulikuwa mkono wa mtoto.

Limebaki jambo moja. Baada ya ajali niliandika taarifa kwa wakubwa wangu, nikataja chanzo kuwa uchakavu wa mabomba na wingi wa watoto. Yote mawili yalikuwa kweli. Sikuandika kwamba fundi aliomba mifuko miwili ya saruji, na kwamba mkuu wa chuo alimkatalia kwa chaki. Taarifa ile ina sahihi yangu. Maelezo haya ni nyongeza yake, nayo naitia sahihi pia.