Globu, Koili na Giza la Delta: Taa ya Pikipiki Njia ya Mbuchi

Kabla pikipiki haijafika kijiji cha Mbuchi, safari za delta ya Rufiji zilipangwa na maji, si jua. Mto hugawanyika matawi mengi kabla ya kumwagika baharini mkabala na kisiwa cha Mafia, na mikoko inayoyazunguka matawi hayo, takribani hekta 53,000, ndiyo msitu wa aina yake ulio mkubwa kuliko yote pwani ya Afrika Mashariki. Maji yakijaa saa nane usiku, chombo kinaondoka saa nane usiku. Boriti za Rufiji zilipelekwa Uarabuni na Ghuba ya Uajemi kwa majahazi karne na karne, na kabla ya kufika jahazini zilishushwa mtoni na watu walioijua njia kwa mazoea na mbalamwezi. Taa ndogo ingewaharibia macho tu: anayekodolea mwali ulio mkononi haoni tena kingo za mto.

Taa kali za umeme zililetwa na Vita Kuu ya Kwanza. Septemba 1914, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia delta kujificha. Manowari za enzi hizo zilikuwa na taa kubwa za kumulikia baharini, lakini aliyejificha hawashi taa, na kwa miezi mingi ufundi huo wote ulikaa kimya katikati ya mikoko. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na manowari za Kiingereza Severn na Mersey, nahodha Max Looff aliamuru meli yake ilipuliwe. Mizinga yake iliopolewa ikapelekwa kupigana bara.

Mwanga uliokuja kukaa ulikuwa wa karabai. Kampuni ya Ehrich & Graetz ya Berlin ndiyo iliyoieneza karabai aina ya Petromax duniani, na wavuvi wa dagaa wa pwani yote wakaifanya chombo cha kazi: usiku wa giza taa inawekwa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, nyavu zinawazunguka. Mafuta ya taa husukumwa kwa pampu, yanageuka mvuke, mvuke unaunguza kitambaa chembamba mpaka kinang'aa. Ubaya wake ni kwamba kitambaa hicho kikishaungua kinabaki majivu yaliyoshikana, na tikisiko moja linatosha kukivunja. Kwa hiyo karabai ilifaa chomboni, dukani na kwenye ngoma ya harusi; kwenye njia ya mashimo haikufaa kitu. Huko ilitawala dinamo ya baiskeli, volti 6 na wati 3, inayozungushwa na tairi. Mwendesha baiskeli akikwama kwenye tope, giza linarudi hapo hapo.

Hapo ndipo penye fundisho ambalo wanunuzi wa globu bado wanalilipia: taa haizidi kile kinachoilisha.

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa, lenye urefu unaokaribia kilomita moja, liliunganisha kingo mbili za Rufiji, na barabara ya kusini ikaacha kutegemea kivuko. Mji wa Kibiti, ulio kwenye barabara hiyo, ukachangamka. Miaka michache baadaye zikaja pikipiki za Kichina za bei nafuu, SanLG, Toyo na T-Better, kisha Boxer na TVS kutoka India, na mwaka 2010 serikali ikatoa kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za biashara. Bodaboda akawa mtu wa halali. Kwa vijiji vya delta mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kuliko yanavyoonekana kwenye karatasi: mjamzito, gunia la mchele, tenga la kaa, vyote vingeweza kuondoka kijijini bila kungoja maji yajae. Ila vikiondoka usiku, vilitegemea globu moja.

Globu ya kawaida ya pikipiki hizo ni ya volti 12, wati 35 kwa full na 35 kwa dimu. Dereva anayetoka barabara ya lami na kushika njia ya Mbuchi anaijua tabia yake. Mbele ya dimbwi anapunguza mafuta ili apime kina, na taa inafifia, inakuwa ya njano kama ugoro, wakati huo huo anapohitaji kuona. Akivuta mafuta, inakolea. Sababu si globu. Katika pikipiki nyingi za bei ya chini taa ya mbele hailishwi na betri bali moja kwa moja na koili ya injini, na injini ikizunguka polepole umeme unapungua. Ni dinamo ya baiskeli, imekuzwa tu.

Dereva asiyejua hilo huenda dukani akaomba globu kali zaidi. Historia ya globu hizo ni fupi. Taa ya halojeni, ambayo gesi yake huirudisha kwenye waya tangsteni iliyogeuka mvuke, ilipewa hataza Marekani mwaka 1959. H4 ya nyaya mbili, wati 60 na 55, ikaingia kwenye magari mwaka 1971. Kuifunga H4 kwenye koili iliyotengenezwa kulisha wati 35 ni kuuomba umeme usiokuwapo. Waya hauwaki sawasawa, mwanga unatoka mwekundu, na plastiki ya soketi inaweza kulainika kwa joto pale ambapo koili ina nguvu kidogo zaidi.

Wapo wanaokwenda upande wa pili, wakicheza na reguleta, kidhibiti cha volti, ili volti ipande. Hapa hesabu inajulikana. Volti ikizidi kwa asilimia 5, mwanga wa globu ya waya huongezeka kwa karibu asilimia 18, na maisha yake hukatika karibu nusu. Mwanga na umri ni mali moja. Ukichukua huku, umepunguza kule. Kinyume chake pia ni kweli, na ndiyo siri ya mafundi wazuri: ikipotea volti moja tu njiani, kwenye swichi iliyochakaa au waya wa ethi ulioliwa na chumvi, robo ya mwanga imekwenda. Delta ni mahali pa chumvi. Pikipiki huvushwa kwa mtumbwi, hupita kwenye maji ya mkondo, hulala nje kwenye umande wa bahari. Fundi anayekwangua kutu kwenye ethi na kubadilisha waya mwembamba amempa mteja globu mpya bila kumuuzia globu. Kama taa inalishwa na betri, relei ya bei ndogo, inayoiletea taa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, humaliza kazi. Na akiifunga halojeni, haigusi kioo chake kwa vidole: mafuta ya ngozi hufanya doa la joto, na kioo hupasuka kabla ya siku zake.

Kisha ikaja 2017. Kwa takribani miaka miwili Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilikuwa zikishuhudia mauaji ya viongozi wa vijiji na vitongoji, na tarehe 13 Aprili polisi wanane waliuawa Kibiti katika shambulio moja. Wauaji walikuwa wakitumia pikipiki, na Jeshi la Polisi likapiga marufuku pikipiki kutembea katika wilaya hizo kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Mwezi huo huo wa Aprili, India, nchi zinakotoka Boxer na TVS, ilianza kuzitaka pikipiki zote mpya ziwashe taa saa zote, hata mchana. Huku Kibiti mwenye globu bora na mwenye globu mbovu walilala sawa.

Marufuku ilipopita, soko lilikuwa limejaa LED. Mwanga wake mweupe ni matunda ya kazi ya wazaliwa wa Japani Akasaki, Amano na Nakamura, waliopata Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa taa ya buluu inayowezesha mwanga mweupe. Kwa pikipiki ya delta faida ni ya kweli: haina waya wa kukatika kwenye mashimo, na wati zake chache zinaikuta koili dhaifu ikiwa bado na nguvu. Lakini sahani ya taa ilichongwa kwa globu ya waya ulio mahali pake hasa. Chipu zikikaa milimita chache pembeni, mwanga unatawanyika, unampofua anayekuja na kuacha dimbwi gizani. Weupe wenye ubuluu nao huumiza macho ya wengine zaidi. Ufaransa ililazimisha taa za njano kuanzia miaka ya 1930 hadi 1993 kwa hofu ya namna hiyo.

Na hata LED iliyokaa sawa huharibiwa na mzigo. Matenga mawili ya kaa nyuma yanashusha tairi, uso wa pikipiki unainuka, mwanga unapanda kwenye matawi. Fundi analegeza nati mbili za kishikio cha taa, anaiinamisha kidogo pikipiki ikiwa na mzigo wake, si tupu, kisha anakaza.