Historia, Jiografia na Uraia: Somo la Jamii katika Masisi na Walikale

Sheria ya elimu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 iliunganisha miaka sita ya shule ya msingi na miaka miwili ya mwanzo ya sekondari, ikawa elimu ya msingi ya miaka minane. Katika darasa la saba na la nane, historia, jiografia na elimu ya uraia na maadili zimewekwa chini ya uwanja mmoja, yaani Ulimwengu wa Jamii na Mazingira. Makala haya yanashikilia kwamba mpangilio huo ni wa busara, na kwamba Masisi na Walikale ndiko unakopata maana yake kamili.

Tangu 1937 hadi 1955 serikali ya Wabelgiji iliwahamisha wakulima kutoka Rwanda na kuwapa makazi katika milima ya Masisi, hususan Gishari, kwenye ardhi ya Wahunde. Mwalimu wa historia atalieleza jambo hili kama tukio la kikoloni. Mwenzake wa jiografia atazungumzia rutuba ya udongo na msongamano wa watu. Lakini ni mwalimu wa uraia anayekabiliwa na swali gumu kuliko yote: nani raia? Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wakikaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Ile ya 1981 iliufuta uamuzi huo, ikadai asili inayorudi hadi 1885. Ile ya 2004 ikachukua uhuru wa 1960 kuwa kipimo. Mwanafunzi anayesoma mambo haya katika madaftari matatu hutoka shuleni bila kutambua kwamba ni jambo moja. Ikumbukwe kuwa mnamo Machi 1993 mauaji yalizuka katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi.

Yamkini baadhi ya walimu huona ni salama zaidi kunyamaza na kurudia tarehe za Brussels na Kinshasa. Hatari yao haikanushiki. Hata hivyo, mtoto asiyesimuliwa habari za Gishari darasani atasimuliwa kwingineko, tena bila tarehe.

Walikale, kwa upande wake, ina hazina isiyohitaji woga mkubwa: utendi wa Mwindo wa Wanyanga, uliochapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, unaweza kufundishia utawala wa jadi na msitu kwa pamoja.

Linabaki suala la lugha, ambalo wanaisimu wetu wamelipuuza. Katika madarasa haya mafunzo hutolewa kwa Kifaransa, ilhali ugomvi wa ardhi husemwa kwa Kiswahili, Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda. Mwalimu anapofafanua kwa Kiswahili hulazimika kuchagua kati ya mwenyeji, mgeni, mhamiaji na mzaliwa, na wanafunzi walio mbele yake wanajua kila neno linamlenga nani.