Ufundi wa Uani: Tarikhi ya Kutunza Magari Katika Kisiwa cha Unguja

Kisiwa cha Unguja, ambacho msafiri akitoka Nungwi asubuhi na kushika njia ya kusini hufika Makunduchi kabla ya adhuhuri, hata kama gari lake ni kongwe na dereva wake si mtu wa haraka, hakikupata kuwa nchi ya mashindano ya mwendo. Na mji wake wa kale, uliojengwa kwa kadiri ya mapito ya mtu, ya punda na ya hamali mwenye mkokoteni, ulilinyima gari la mota nafasi tangu siku lilipoteremshwa gatini. Vichochoro vya Shangani, Hurumzi na Malindi, isipokuwa vichache, havipitishi magurudumu manne kwa salama. Gari likalazimika kukaa Darajani, Forodhani na Mnazi Mmoja, au kuvuka kwenda Ng'ambo, katika mitaa kama Kikwajuni, Miembeni na Jang'ombe, ambako watu walikuwa na nyua na miti ya kivuli. Na huko Ng'ambo, kwa maoni yangu, ndiko ulikokulia ustadi ambao Unguja haijapata kuusifu kama unavyostahiki, yaani ustadi wa kulitunza gari la zamani nyumbani, kwa zana chache na subira nyingi.

Kabla gari halijatamalaki palikuwa na reli. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney, ya New York, iliijenga kutoka penye Ngome Kongwe hadi Bububu, masafa ya maili saba, na mwaka 1905 garimoshi lilianza kupita katika njia nyembamba za mji likipuliza moshi wake karibu mno na madirisha ya watu. Serikali iliinunua reli hiyo mwaka 1911. Mwaka 1922 ikaacha kuchukua abiria, ikabakia kwa muda kubeba mawe ya kazi za bandari, kisha ikang'olewa. Abiria wake walikwisha kuhamia katika magari ya mota, na leo anayekwenda Bububu hupanda daladala namba 502. Reli ilitunzwa na kampuni, kisha na serikali, zenye karakana, mhandisi na ghala la vipuri, ilhali gari la mota liliangukia mikononi mwa mtu mmoja, ambaye pengine alilinunua kwa faida ya msimu mwema wa karafuu, na lilipoharibika hakuwa na pa kulipeleka ila uani kwake.

Mtu huyo, hata hivyo, hakukaa katika nchi iliyokosa maarifa ya mikono. Maseremala waliochonga milango ya Mji Mkongwe, wahunzi waliofua nanga na bawaba, na mafundi wa majahazi na mashua, walikuwapo kabla ya injini ya kwanza kunguruma, na taathira yao katika gari la Unguja haifichiki. Kwa miongo mingi gari la abiria wa shamba liliingizwa likiwa kiunzi kitupu, yaani injini, fremu ya chuma na magurudumu, na bodi yake ikaundwa papa hapa kwa mbao. Seremala alisimamisha nguzo juu ya fremu, akazifunga kwa mataruma na boriti kama alivyozoea kufunga mashua, akalaza mabao ya kukalia pande zote mbili, kisha akaezeka paa lenye nguvu ya kubeba matenga ya samaki, magunia ya mihogo, baskeli na, siku za harusi, kitanda na godoro lake. Magari madogo ya namna hii, ambamo abiria hukaa wakielekeana magoti kwa magoti, watu waliyabandika jina la chai maharage. Nje yalipakwa rangi za kukoza, na ubavuni yakaandikwa maneno ya dua au ya vijembe.

Tusidhani kwamba bodi ya mbao ilikuwa dalili ya ufukara tu. Ubao uliooza hung'olewa peke yake, na mwingine ukatiwa mahali pake kabla ya sala ya alasiri, bila ya gesi ya kuchomelea wala rangi ya kupuliza. Tena mbao haina kutu, na katika kisiwa ambacho pepo za kusi na za kaskazi zote mbili huleta chumvi, hilo si jambo la kupuuzwa. Kulitia gari nguvu, kwa mwenyeji wa Unguja wa zama hizo, kulikuwa na maana ya kulizidishia uwezo wa kubeba na umri wa kuishi: springi iliongezwa jani moja au mawili, fremu ikapigwa kiraka cha chuma mahali ilipoanza kupasuka, na rejeta ikasogezwa au ikabadilishwa kwa ya gari kubwa zaidi, ili maji yasichemke katika mlima wa Masingini, ambao kwa wenzetu wa bara ni kichuguu.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 biashara ya nje iliingia mikononi mwa serikali, na fedha za kigeni, ambazo karibu zote zilitokana na karafuu, zilikuwa na kazi zilizotangulia haja ya gari la mtu binafsi. Magari ya Kiingereza na ya Kifaransa yaliyokwisha kuwapo kisiwani yakawa ndiyo hayo hayo, mwaka baada ya mwaka, na kila moja likajulikana kwa namba yake, kwa sauti ya egzosi yake na kwa maradhi yake. Uhaba huo uliwataabisha watu wengi, na mimi si miongoni mwa wanaouonea fahari. Lakini ni haki kukiri kwamba ndio uliowafunza vijana wa wakati ule mambo ambayo vitabu vya viwandani havikuyaandika.

Chukua kazi ya kusaga valvu, ambayo ilifanywa juu ya mkeka chini ya mwembe. Fundi hufungua hedi ya silinda, akaipindua, akazitoa valvu moja moja na kuzichomeka kwa mpangilio katika kipande cha boksi kilichotobolewa matundu, zisije zikachanganyika. Kisha hupaka dawa ya kusagia penye ukingo, akairejesha valvu katika kiti chake, akashika kijiti chenye mpira wa kunyonya na kukipekecha baina ya viganja viwili, akiinua kidogo na kugeuza, mpaka ukingo uwe na mstari mmoja wa kijivu usiokatika. Mwisho humimina petroli kwa juu na kungoja: ikivuja, anaanza tena. Gaskiti ikikosekana dukani, karatasi ngumu hutandazwa juu ya chuma na kugongwa kwa nyundo ndogo pembezoni mpaka ikatike yenyewe kwa umbo linalotakiwa. Pointi za distribyuta zikipoteza nafasi yake, hupimwa kwa kipande cha msumeno wa chuma. Haya yote yalifanywa kwa mikono mitupu na macho makali, na watoto waliotumwa kuleta spana namba kumi na tatu ndio waliokuja kuwa mafundi.

Adui mkubwa, kuliko uhaba, alikuwa chumvi. Gari la Unguja aghalabu hufa kuanzia chini kwenda juu, injini yake ikiwa ingali nzima: kutu huanza katika sakafu, chini ya zulia ambako maji ya masika hayakauki, ikapanda katika mikunjo ya milango na penye madigadi. Wenye uangalifu waliliosha gari kwa maji matamu kila liliporudi kutoka pwani, wakapaka oili chafu chini yake kwa brashi. Na sakafu ikiisha kutoboka, pipa la mafuta lilikatwa, likanyooshwa, likachomelewa mahali pa bati lililooza.

Mlango wa biashara ulipofunguliwa tena katika miaka ya 1984 na 1985, wakati Mzee Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar kisha wa Jamhuri ya Muungano, magari yaliyokwisha kutumika yalianza kuingia kwa wingi, kwanza kupitia Dubai, ambako Wazanzibari wengi wana jamaa zao, kisha moja kwa moja kutoka Japani, ambako usukani uko kulia na njia hushikwa kushoto kama kwetu. Miongoni mwa magari hayo ni Toyota Starlet, gari fupi lenye mlango wa nyuma unaofunuliwa juu, ambalo linageuka kwa urahisi katika njia za Ng'ambo na kula petroli kidogo. Nduguye mkali, Starlet GT ya miaka ya 1989 hadi 1995, ana injini ya sentimita za ujazo 1,331 tu iliyotiwa tabo, yenye nguvu farasi 135 katika bodi isiyofika kilo 900, na kipoza hewa kilicholazwa juu ya injini, kikivuta upepo kwa tundu la boneti. Si ajabu kwamba humtia wazimu kijana anayependa mwendo.

Kwa kijana huyo nina neno. Tabo hutegemea oili safi kwa uhai wake, na mkanda wa taimingi uliokaa miaka mingi hauoni haya kukatika; kwa hiyo kabla ya kuongeza mgandamizo wa hewa na abadili oili, mkanda, mipira ya breki na mabomba ya maji, kisha alale chini ya gari na tochi agonge sakafu kwa bisibisi. Gari jepesi lililoliwa na chumvi halistahimili nguvu ambayo lenyewe liliumbiwa likiwa jipya, sembuse zaidi. Wala asitegemee vyombo vya umeme pekee: kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka Bara iliharibika mwezi wa Desemba 2009, na Unguja ikakaa bila ya umeme wa gridi mpaka Machi 2010, muda ambao fundi mwenye tupa, msasa na mikono yake hakuwa na sababu ya kufunga kazi.

Magari ya mbao yanazidi kupungua, na mabasi madogo ya Kijapani yanachukua nafasi yake. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ilipokuwa makumbusho, iliweka ndani yake mtepe ulioshonwa kwa kamba, ili watu ambao hawakuwahi kuuona baharini wauone nchi kavu. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Litakapofunguliwa tena kwa watu, nawaomba wenye mamlaka watafute gari moja la mbao la njia ya shamba, pamoja na sanduku la spana la fundi wa uani, waviweke humo, na wafanye hivyo upesi, maadamu wako bado wazee waliounda magari hayo wanaoweza kueleza kila taruma lilifungwaje.