Bhopal: hatari ilikuwa kwenye karatasi

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sijaja hapa kama mtaalamu. Lakini hadithi ya Bhopal nimeisoma mara nyingi, na kila nikirudia nakasirika upya.

Usiku wa tarehe 2 Desemba 1984, mjini Bhopal, India, maji yaliingia kwenye tangi nambari 610 la kiwanda cha dawa za wadudu cha Union Carbide. Ndani kulikuwa na methili isosayaneti, kemikali inayochemka kwa nyuzi 39 tu, na ikikutana na maji inapata joto kali. Kabla kuche, kama tani 40 zilikuwa zimetoroka. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikatambaa chini chini hadi mitaa ya mabanda pale jirani. Watu walikuwa wamelala. Walikufa maelfu, na zaidi ya 500,000 waliivuta.

Wengi huiita ajali. Ngoja kwanza. Mtambo wa kupoza tangi ulikuwa umezimwa kwa miezi kadhaa. Mnara wa kuchoma gesi haukufanya kazi, kipande cha bomba lake kilikuwa kimetolewa kikingoja ukarabati. Ule wa kuisafisha ulizidiwa. Kinga tatu, wasee! Kwenye karatasi zote zilikuwepo.

Na maonyo pia yalikuwepo. Mwaka wa 1981 mfanyakazi alikufa kwa gesi ya fosijini humo humo. Mei 1982 wakaguzi wa kampuni walitoka Marekani, wakaandika kasoro walizoziona. Mwaka huo huo mwanahabari Rajkumar Keswani akaanza kuandika kwamba mji uko hatarini. Akapuuzwa.

Ndiyo maana naona swali la "kiwanda kina vifaa vya usalama?" halitoshi. Uliza: vinafanya kazi usiku wa leo? Kemikali ni kiasi gani? Nyumba ya kwanza iko hatua ngapi kutoka ukutani? Upepo ukivuma huku, nani atatuamsha, na tukimbilie wapi?

Usidhani ni mambo ya India tu. Tarehe 1 Februari 2024 gesi ya kupikia ililipuka hapa Embakasi, mtaa wa Mradi. Ile ilikuwa ya moto, si ya sumu, lakini soma walichosema EPRA baadaye: mwaka wa 2023 walikataa maombi ya kibali cha mtambo hapo, moja ya sababu ikiwa umbali wa usalama na wingi wa watu. Yaani hatari ilipimwa, jibu likawa hapana, na bado watu walilala kando yake.

Nyuma ya ploti yetu kuna godauni. Malori huingia usiku, na kuna siku harufu inakuamsha. Nilimuuliza mlinzi kuna nini ndani, akacheka: "Kijana, mimi nalinda geti tu."

Kesho narudi kuuliza mwenye godauni.