Pango na Majira ya Baridi: Historia ya Gharama za Maisha Mjini Montreal

Njia iliyozoeleka ya kueleza gharama za maisha katika mji mkubwa ni kupanga orodha ya bei, mkate senti ngapi na nauli kiasi gani, lakini orodha ya namna hiyo haionyeshi ni nani aliyeweza kupunguza matumizi kwa kazi ya mikono yake mwenyewe, wala haionyeshi sheria iliyomlinda au iliyomfunga. Montreal, mji uliojengwa kisiwani katika mto Saint Lawrence, jimboni Quebec nchini Kanada, ni mahali panapofaa kuichunguza historia hiyo, kwa kuwa kwa zaidi ya karne moja wakazi wake wengi wamekuwa wapangaji, na pango, yaani kodi anayolipwa mwenye nyumba kila mwezi, limekuwa fungu la kwanza kukatwa katika mapato yao. Sifa ya mji huo ya kuwa na pango nafuu kuliko Toronto au Vancouver imekuwa ikitajwa kana kwamba ni maumbile ya mahali penyewe, ilhali unafuu huo ulitengenezwa na watu, mwanzoni kwa kujinyima na baadaye kwa sheria zilizopiganiwa.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, viwanda vilipoongezeka kando ya Mfereji wa Lachine na kuwavuta wafanyakazi kutoka vijiji vya Quebec, Ireland na Uingereza, hali ya hewa ndiyo iliyozidisha uzito wa maisha yao. Mto uliganda kila mwaka, bandari ikafungwa hadi majira ya kuchipua, na kwa hiyo wapakuzi wa meli pamoja na vibarua wa ujenzi walikosa kazi katika miezi ileile ambayo kuni na makaa ya mawe yalikuwa ya lazima na bei yake imepanda. Aliyekuwa na akiba alinunua kuni wakati wa kiangazi, mkokoteni mzima kwa mpigo, kwa bei ya chini. Asiyekuwa nayo alizinunua kidogokidogo katikati ya baridi, akalipa zaidi kwa kila kipande, na hivyo umaskini wenyewe ukawa gharama ya ziada juu ya gharama nyingine zote.

Mwanahistoria Bettina Bradbury, katika makala yake ya mwaka 1984 na baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu familia za wafanyakazi wa Montreal, ameonyesha kwamba kaya, yaani watu wanaokula chungu kimoja, hazikuishi kwa mshahara peke yake. Nguruwe aliyelishwa mabaki ya jikoni na kuchinjwa baridi ilipoanza aliipa familia nyama na mafuta ya kupikia ambayo vinginevyo yangenunuliwa dukani, na kwa sababu hakuhitaji malisho wala zizi kubwa, alifugwa hata katika nyua finyu za mitaa ya vibarua. Katika miaka ya 1860 na 1870 halmashauri ya mji ilibana ufugaji huo hatua kwa hatua hadi ikaupiga marufuku, huku ng'ombe, ambaye aghalabu alimilikiwa na mwenye uwezo zaidi, akiendelea kuruhusiwa. Sababu za kiafya zilizotolewa zilikuwa na uzito, kwa maana mitaa hiyo ilijaa uchafu na maradhi, lakini haki inadai isemwe pia kwamba mzigo wa usafi huo walitwishwa wale waliokuwa na kidogo kuliko wote, wala hawakupewa chochote cha kuziba pengo. Kilichobaki ni kazi ya wanawake: kushona kwa malipo ya kila kipande, kufua nguo za watu, na kumpokea mgeni alale katika chumba ambacho tayari kilikuwa na watoto wanne.

Mwaka 1896 mfanyabiashara Herbert Brown Ames, mrithi wa kiwanda cha viatu, aligharimia uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika eneo la kusini magharibi lililokuwa na watu wapatao 38,000, na mwaka uliofuata akachapisha matokeo yake katika kitabu alichokiita mji ulio chini ya kilima, kwa kuulinganisha na mitaa ya matajiri iliyokuwa juu, kwenye miteremko ya Mlima Royal. Ames alihesabu mapato, vyumba, pango na vifo, na jambo lililomkasirisha kupita yote ni choo cha shimo kilichokuwa uani, ambacho familia nyingi zilikitegemea katika mji uliokwisha kuwa na taa za umeme. Hesabu yake ni hazina kwa watafiti hadi leo, lakini dawa aliyoipendekeza ilikuwa dhaifu: aliwasihi matajiri wenzake wajenge nyumba bora za wafanyakazi na kuridhika na faida ya wastani, akajenga chache yeye mwenyewe kuwa mfano, na wenzake karibu wote hawakumfuata.

Wajenzi wadogo ndio walioamua sura ya makazi, kwa kujenga, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka ya 1920, maelfu ya nyumba za ghorofa mbili au tatu ambamo kila ghorofa ni makao ya familia moja yenye mlango wake wa barabarani, na mara nyingi mwenye nyumba aliishi chini na kupangisha juu. Ngazi iliwekwa nje, ya chuma, imejipinda ili itoshe katika nafasi ndogo kati ya ukuta na njia ya watembea kwa miguu, kwa sababu ngazi ya ndani ingekula sehemu ya vyumba vinavyolipiwa na ingehitaji kupashwa joto. Gharama iliyookolewa na mjenzi ililipwa na mama aliyepandisha ndoo ya makaa juu ya vidato vilivyofunikwa barafu mwezi Januari. Nyuma, kwenye kichochoro, kilisimama kibanda cha mbao kilichovikwa mabati, ghala la kuni na makaa, ambacho moto ulipokishika ulienea haraka hadi kwa majirani.

Kalenda nayo ilikuwa na bei yake. Chini ya Kanuni ya Sheria za Kiraia ya mwaka 1866, mikataba ya pango mijini iliisha kwa kawaida tarehe 30 Aprili, kwa hiyo tarehe 1 Mei mji ulihama kwa pamoja: vitanda, majiko ya chuma na magodoro vilipita barabarani juu ya mikokoteni siku hiyohiyo moja, na wenye mikokoteni waliijua thamani yao siku hiyo. Familia iliyoshindwa kulipa ilishuka kwenda nyumba ndogo zaidi, au yenye giza zaidi, au iliyo karibu zaidi na reli. Riwaya ya Gabrielle Roy ya mwaka 1945, iitwayo Bonheur d'occasion, inayosimulia maisha ya familia ya Lacasse katika mtaa wa Saint-Henri, imeuweka uhamaji huo wa kila mwaka katikati ya kisa chake, na mama wa familia anatembea mtaa kwa mtaa akitafuta nyumba huku akiwa mjamzito.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta udhibiti ambao wafanyakazi hawakuwahi kuuona. Bodi ya serikali kuu iliyoundwa mwaka 1939 kusimamia bei na biashara iliweka kikomo cha pango katika baadhi ya miji mwaka 1940, bei kwa ujumla zikazuiwa kupanda mwishoni mwa mwaka 1941, na kuanzia mwaka 1942 sukari, chai, kahawa na siagi viligawanywa kwa vitabu vya mgao. Mwaka 1945 ikaanza posho ya watoto, iliyolipwa kila mwezi kwa kila familia yenye watoto, na kwa kuwa sheria ya Quebec wakati huo haikumtambua mke kuwa mtu kamili mbele ya mikataba, ilipendekezwa hundi za jimbo hilo ziandikwe kwa majina ya baba, hadi Thérèse Casgrain na wenzake walipopinga na hundi zikaenda kwa akina mama.

Baada ya vita, nyumba nafuu zilipotea kwa njia nyingine, yaani kwa kubomolewa. Mwaka 1963 mtaa uliojulikana kama Faubourg à m'lasse, wenye wakazi wapatao 5,000, uliondolewa kupisha majengo ya shirika la utangazaji la taifa, na mwishoni mwa muongo huo Petite-Bourgogne, makao ya jamii ya watu weusi ambayo wanaume wake wengi walikuwa wahudumu wa mabehewa ya kulala ya reli, ulikatwakatwa na miradi ya barabara kuu na ujenzi mpya. Mtaa wa Milton-Parc ulinusurika kwa sehemu tu, baada ya mapambano ya wakazi yaliyoanza mwaka 1968: nyumba zipatazo 600 zilinunuliwa kwa msaada wa fedha za serikali kuu na kukabidhiwa vyama vya ushirika, na tangu mwaka 1987 ardhi yake inafungwa na hati ya pamoja inayozuia nyumba hizo kuuzwa kwa ulanguzi. Hakuna tukio katika historia hii linalostahili kusomwa kwa makini zaidi kuliko hilo.

Katika miaka ya 1970 mwisho wa mikataba ulisogezwa hadi tarehe 30 Juni ili watoto wasihamishwe shule kabla ya muhula kuisha, na mwaka 1980 likaanza kazi baraza la makazi la jimbo, ambalo tangu mwaka 2020 linaitwa mahakama ya makazi. Mpangaji anaweza kukataa nyongeza ya pango na akabaki nyumbani mwake, na ni juu ya mwenye nyumba kulipelekea baraza shauri hilo. Amana, yaani fedha ya dhamana inayowekwa kabla ya kuingia, imekatazwa, na hairuhusiwi kudai zaidi ya pango la kipindi cha kwanza. Wahamiaji kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, wengi wao wakivutwa Montreal na lugha ya Kifaransa na baadhi yao wakizungumza Kiswahili nyumbani, wanalindwa na kanuni hizo sawasawa na wenyeji, ingawa haki isiyojulikana na mwenye nayo ni rahisi kupokonywa. Ili mpangaji mpya ajue kama pango limepandishwa, mkataba rasmi una kifungu G, ambamo mwenye nyumba hutakiwa kuandika pango la chini kabisa lililolipwa katika miezi 12 iliyotangulia.

Ulinzi huo ulikuwa na ufa, kwa sababu nyumba ikibaki tupu pango hupandishwa kwa urahisi, na mwaka 2001 na 2002, nyumba zilizo wazi zilipopungua chini ya asilimia 1, kuna familia zilizofika tarehe 1 Julai bila pa kulala. Wapangaji walijitafutia kinga kwa kukabidhiana mikataba, anayehama akimwachia anayeingia mkataba uleule kwa pango lilelile, naye mwenye nyumba hakuweza kukataa bila sababu nzito. Tangu Februari 2024 sheria inamruhusu akatae kwa sababu nyingine yoyote, na akikataa hivyo mkataba unaisha siku ambayo ungekabidhiwa.