Boti za kuokoa maisha melini: sheria zilivyobadilika baada ya ajali

Ukipanda meli kubwa leo, utaona boti ndogo, mara nyingi za rangi ya chungwa, zimening'inizwa ubavuni. Hizo ni boti za kuokoa maisha. Zamani hazikuwa nyingi hivyo wala hazikuwa na paa. Katika makala haya tunaeleza zilikotoka sheria zinazozihusu, na mambo yanayomhusu msafiri wa kawaida.

Titanic, 1912

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, meli ya Uingereza iitwayo Titanic ilizama katika Bahari ya Atlantiki baada ya kugonga siwa la barafu. Ilikuwa na watu wapatao 2,200. Boti zake 20 zingeweza kubeba watu 1,178 tu. Waliokufa ni zaidi ya 1,500.

Hata hivyo, wenye meli hawakuwa wamevunja sheria. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilihesabu boti kwa kufuata ukubwa wa meli, si idadi ya watu. Meli yoyote ya tani 10,000 au zaidi ilitakiwa kuwa na boti 16. Titanic ilikuwa na tani zaidi ya 46,000, lakini sheria ilikuwa haijabadilishwa tangu miaka ya 1890.

Tena, boti chache zilizokuwepo hazikujazwa. Moja ya kwanza kushushwa ilikuwa na nafasi 65, ikaondoka na watu wasiofika 30.

Mkataba wa mataifa

Mwaka 1914 mataifa yalikutana London na kuandika mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini, unaojulikana kama SOLAS. Ulitaka kila aliyemo melini awe na nafasi kwenye boti, na redio ya meli isikilizwe usiku na mchana. Vita Kuu ya Kwanza iliuzuia kuanza kutumika, lakini mikataba mingine ilifuata mwaka 1929, 1948 na 1960. Unaotumika leo ni wa mwaka 1974, ambao hurekebishwa mara kwa mara.

Boti zenyewe nazo zilibadilika. Zile za wazi, za kupigwa makasia, ziliwaacha watu kwenye baridi na mawimbi. Leo boti za meli kubwa zina injini na paa, na meli hubeba pia maboya makubwa yanayojijaza hewa. Baadhi ya meli za mizigo zina boti iliyofungwa pande zote, ambayo huteleza kutoka nyuma ya meli na kuangukia majini ikiwa na mabaharia ndani.

Boti peke yake hazitoshi

Julai 1915 meli Eastland ilipinduka mjini Chicago, Marekani, ikiwa bado imefungwa gatini. Watu 844 walikufa. Meli hiyo tayari ilikuwa haitulii majini, na boti na maboya yaliyoongezwa juu yake wiki chache kabla yaliizidishia uzito wa juu. Chombo kikipinduka ghafla, hakuna muda wa kushusha boti.

Sisi tunalijua hilo. Mwaka 1996 MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu wapatao 100, lakini waliokufa peke yao ni zaidi ya 220.

Mkataba wa SOLAS unahusu hasa meli zinazotoka nchi moja kwenda nyingine. Vivuko na boti za ndani husimamiwa na sheria za kila nchi.

Ukisafiri

- Kata tiketi yako na andikisha jina lako halisi. Orodha ya abiria ndiyo inayowaambia waokoaji wamtafute nani.
- Ukipanda, uliza jaketi okozi ziko wapi, na za watoto pia. Jifunze kuivaa kabla chombo hakijang'oa nanga.
- Msikimbilie upande mmoja wa chombo.
- Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka. Kuchelewa safari kunauma, lakini kesho kutakuwa na chombo kingine.