Bara Hindi: Historia Husimuliwa Nani?

Mfalme Ashoka, aliyeanza kutawala sehemu kubwa ya Bara Hindi mnamo mwaka 268 KK, hakuifungia habari ya utawala wake kasrini. Aliamuru ichongwe kwenye miamba na nguzo za mawe kwa Kiprakriti, lugha ya watu wa kawaida. Huko Kandahar, katika Afghanistan ya leo, ilichongwa kwa Kigiriki na Kiaramu. Kwa wasiojua kusoma, aliagiza isomwe kwa sauti siku maalumu.

Katika maandishi hayo alikiri kwamba vita vyake vya Kalinga viliua watu 100,000 na kuwahamisha wengine 150,000, akasema anajuta. Lakini huko Dhauli, ndani ya Kalinga yenyewe, ungamo hilo halikuchongwa. Waliofiwa hawakuandikiwa.

Karne zikapita, hati ya Brahmi iliyotumika kuandika maneno hayo ikasahaulika. Katika karne ya 14, Sultani Firuz Shah Tughlaq alihamishia Delhi nguzo mbili za Ashoka. Moja ililazwa juu ya pamba, ikapakiwa kwenye mkokoteni wa magurudumu 42. Ilipofika, hakupatikana msomi wa kuisoma. Fumbo hilo lilifumbuliwa mwaka 1837 na James Prinsep, ofisa wa kiwanda cha sarafu cha Calcutta.

Hata hivyo, ufunguo wa historia ulibaki mikononi mwa wakoloni Waingereza. Daya Ram Sahni alichimba mji wa kale wa Harappa na Rakhaldas Banerji akachimba ule wa Mohenjo-daro, lakini mwaka 1924 bosi wao, John Marshall, alitangaza ugunduzi huo katika gazeti la London.

Wapigania uhuru waliidai historia yao. Mmoja wao, Jawaharlal Nehru, aliandika kitabu chake juu ya India akiwa kifungoni katika ngome ya Ahmednagar, kikachapishwa mwaka 1946. Mwaka 1988 Shyam Benegal alikigeuza kuwa tamthilia ya runinga yenye sehemu 53. Sasa hata asiyesoma vitabu aliipata historia sebuleni.

Bado ilikuwa zaidi historia ya wakubwa. Mgawanyo wa India na Pakistan wa mwaka 1947 uliwahamisha watu zaidi ya milioni 10, lakini makumbusho yake yalifunguliwa Amritsar mwaka 2017, miaka 70 baadaye. Humo mna koti lililotariziwa na mkoba wa ngozi, mali ya wachumba waliopotezana wakikimbia, wakaja kuonana tena kambini. Dhaka ilitangulia: makumbusho ya vita vya ukombozi wa Bangladesh vya mwaka 1971 yalifunguliwa mwaka 1996. Yote mawili yalianzishwa na raia kwa michango.

Huo ndio mwelekeo sahihi. Historia ambayo mhanga wake hakuisikia wala hakuulizwa ni tangazo la mtawala tu, hata ikichongwa kwenye mwamba. Walioshuhudia mwaka 1947 wanazidi kutuaga. Mwenye mzee kama huyo nyumbani amuulize leo, na ayaandike majibu yake.